Kikopo cha Mama Mkwe na Namba F17

Mwaka 2022, mvua za Aprili zilipokuwa zikiuaga mji wa Kigoma, nami nikiwa na miaka hamsini na saba, kilinitoka kidonda ndani ya mdomo, upande wa kushoto, mahali pale pale nilipozoea kuweka ugoro.

Msomaji atanivumilia kwa tarehe. Mimi tarehe zilinifikia kwa kuchelewa. Wazazi wangu walikuwa wavuvi wa Mwamgongo, na watoto wao waliwapima umri kwa meno na kwa kazi. Siku ya kuzaliwa niliipata nilipojiandikisha darasa la watu wazima pale Gungu, nikiwa tayari mama wa binti aliyevaa sare za sekondari. Mwalimu aliniambia bila tarehe fomu haipokelewi, nikachagua tarehe mosi Julai, 1964. Cheti changu cha kidato cha nne nilikipata mwaka 2009. Tangu hapo sijaacha jambo lolote la maana lipite bila kuliwekea siku yake.

Ugoro nilianza mwaka 1983, siku niliyoingizwa kwa mume wangu. Mama mkwe, Bibi Selestina, alifungua kikopo chake cha bati, akachota kwa ncha za vidole, akaniwekea kiganjani mbele ya wageni. Akasema, "Anayebwia ugoro wangu ni binti yangu. Anayekataa ni mgeni, na wageni huondoka." Nilibwia. Nilikohoa hadi machozi yakanitoka, wageni wakapiga vigelegele. Alipokufa, kikopo hakikwenda kwa wanawe wawili. Kilikuja kwangu, na nilikitunza kama wengine watunzavyo pete.

Basi tarehe 19 Aprili nilikwenda hospitali ya mjini. Nilisindikizwa na shemeji yangu Bazil, mdogo wa marehemu mume wangu, karani mstaafu wa bandarini, mtu wa suruali zilizopigwa pasi na Kiingereza cha kujifunza kwa mabaharia. Mume wangu alikuwa amefariki mwezi Septemba 2020, na kwetu mjane haendi hospitali peke yake kana kwamba ukoo umekufa wote.

Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Kila baada ya muda Bazil alitoka nje, akarudi ananukia embe bivu, na haukuwa msimu wa maembe. Alikuwa ameacha sigara, kama alivyopenda kutangaza. Mwanawe wa Dar es Salaam alikuwa amemletea sigara ya umeme, kitu chembamba cha rangi ya fedha kinachotoa mvuke badala ya moshi.

"Shemeji," nilimwambia, "unanukia kama juisi ya harusini."

"Afadhali mimi nanukia," akajibu. "Wewe ukifungua mdomo, nzi wanapiga chafya."

Tulicheka wote wawili. Ninaandika kwamba tulicheka, kwa sababu yaliyofuata yangemfanya msomaji adhani kwamba Bazil alikuwa adui tangu mwanzo. Hakuwa.

Daktari alikuwa binti wa Mbeya, Daktari Anyisile, umri wa mwanangu. Aliniamkia shikamoo kabla ya kuwasha tochi, nikampenda. Alitazama kidonda kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka.

"Mama, unatumia tumbaku ya aina yoyote?"

"Ugoro."

"Ukiamka asubuhi, kipi kinatangulia, chai au ugoro?"

"Ugoro hutangulia hata sala."

"Umewahi kujaribu kuacha?"

"Kwa nini niache kitu nilichopewa na mama mkwe?"

Hakunihubiria. Aligonga vidole kwenye kompyuta, na tarehe 3 Mei akanikata kipande kidogo cha nyama ili kikapimwe. Majibu yalirudi tarehe 7 Juni. Ilikuwa saratani ya ufizi, bado changa, na ilitakiwa kuondolewa Mwanza. Karatasi ya rufaa ilikuwa na maneno machache na namba mbili. Namba ya kwanza ilianza na herufi C. Ya pili ilikuwa F17. Niliuliza ni nini, nikaambiwa kwamba kila ugonjwa duniani una namba yake, ili mgonjwa aeleweke popote aendako. Sikuuliza zaidi. Mtu aliyetajiwa saratani hana nafasi ya kuuliza habari za namba.

Tulisafiri na Bazil tarehe 20 Juni kwa basi, bahasha ya rufaa ikiwa kwapani mwake njia nzima, kwa kuwa mwanamume wa ukoo ndiye abebaye bahasha.

Nililazwa, na tabu yangu ya kwanza haikuwa kidonda. Ilikuwa kukatazwa ugoro. Mikono ilitetemeka. Jasho lilinitoka katika ubaridi wa asubuhi. Maneno yaliyonitoka hayakuwa yangu. Muuguzi wa wodi yetu, Sista Pendo, alikuja na faili langu mkononi.

"Mama, humu wameandika kwamba mwili wako umefungwa na tumbaku. Leo siku ya ngapi hujabwia?"

"Ya tatu."

"Ndiyo maana umemtukana mleta chai."

"Hakuleta chai. Ameleta maji yenye huzuni."

Alicheka, akavuta kiti. "Kikopo kiko wapi?"

Nilikitoa chini ya mto. Kilikuwa kimejaa.

"Nenda ukamwage mwenyewe, mimi sikigusi. Kisha urudi nacho. Kila hamu ikipanda, shika. Usifungue."

Nilimwaga. Harufu ilipopanda kutoka kwenye sinki, nilishikilia ukuta. Lakini nilirudi na kikopo kitupu, nikakishika usiku na mchana, na hata tarehe 28 Juni, nilipoingizwa chumba cha upasuaji, walilazimika kunifungua vidole ili wakichukue. Kama wewe unayesoma umekatazwa tumbaku nawe unajiona umegeuka mtu mwingine, jua kwamba si jeuri yako. Tafuta cha kushika.

Waliondoa kidonda pamoja na sehemu ya ufizi, meno manne na ukingo wa taya. Walishona hadi shingoni. Nilipojitazama mara ya kwanza, niliona mwanamke ambaye nusu ya uso wake imehama na nusu imebaki kulinda nyumba. Mdomo wa chini ulikuwa na ganzi, na mate yalitoka bila ruhusa yangu. Bazil ndiye aliyeninywesha uji kwa bomba la sindano, polepole, akinipangusa kidevu kwa leso yake mwenyewe iliyopigwa pasi. Hilo nalo naliandika. Alirudi Kigoma mwezi Julai, na binti yangu Leokadia akaja kuchukua nafasi yake.

Mionzi ilianza tarehe 15 Agosti. Nililazwa juu ya meza ngumu, uso umefunikwa kwa kinyago cha plastiki kilichokazwa mezani ili nisitikisike. Mate yaliyokuwa yakifurika yalikauka kabisa. Chakula kikawa kama pamba. Ngozi ya shingo iliungua ikawa rangi ya mawese. Kila mmoja wetu kwenye foleni ya mionzi alikuwa na chupa ya maji, tukainuliana chupa kwa salamu kama walevi wastaarabu. Mama mmoja kutoka kambi ya wakimbizi ya Kasulu, Mrundi, aliyefungwa kitambaa shingoni, aliniachia nafasi yake karibu na dirisha kila asubuhi bila kunieleza sababu. Nikimwambia asante, sauti hainitoki. Yeye akinijibu, sauti haimtoki. Tulielewana vizuri sana.

Nilirejea nyumbani Gungu tarehe 8 Oktoba 2022, mvua za kwanza zikigonga bati. Nilikuwa nimekonda, mdomo umepinda, na maneno yenye "m" na "b" yalinitoka kama yamelowa. Wiki iliyofuata nilikwenda Kibirizi, ninakowauzia mawese wachuuzi wa dagaa. Mmoja wao akanivuta pembeni.

"Mama Leo, jifunike mtandio basi. Watu wanakutazama."

"Wanitazame," nikamwambia. "Mdomo huu ndio uliowauzia mawese ukiwa mzuri. Watanunua ukiwa umepinda, au wakaangie dagaa maji ya ziwa."

Walinunua.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniumiza kuliko mionzi. Mwezi Agosti 2021 mahakama ilikuwa imeniteua kuwa msimamizi wa mirathi ya mume wangu, yaani nyumba ya Gungu na shamba la michikichi. Kufunga mirathi kulichelewa kwa sababu ya mpaka wa shamba na jirani, kisha nikaugua. Tarehe 26 Novemba 2022 Bazil aliita kikao cha ukoo, sebuleni kwangu, chini ya picha ya kaka yake. Alisimama na simu mkononi.

"Ndugu zangu, sikupenda kulisema. Shemeji yangu ana magonjwa mawili. La mdomo tunalijua. La pili hospitali yenyewe imeliandika, F17. Nimeitafuta hapa." Akasoma Kiingereza, kisha akakigeuza kwa sauti ya ukarani: "Matatizo ya akili na ya tabia, yatokanayo na tumbaku."

Shangazi mmoja alinitazama kidevu, mahali mate yalipokuwa, akatikisa kichwa kana kwamba ameona ushahidi.

"Bazil," nikasema, "unasema mimi kichaa?"

"Mimi sisemi. Kitabu cha madaktari ndicho kinachosema. Na mtu wa namna hiyo hawezi kushika mali ya kaka. Kesho ugonjwa ukirudi, atauza shamba lote hospitalini. Tutabaki na makaburi."

Hapo nilielewa kinachomtia hofu. Lakini hofu ya mtu haimpi ruhusa ya kuniita kichaa nyumbani kwangu, mbele ya binti yangu. Nilitaka kujibu kwa hotuba. Mdomo ukanigomea, maneno yakatoka yamevurugika, na kila nilivyojitahidi ndivyo nilivyozidi kufanana na mtu waliyekwisha kuambiwa kwamba ndiye mimi.

Mwezi Januari 2023 Bazil alifungua maombi mahakamani, niondolewe usimamizi kwa kuwa sina akili timamu. Akishinda, angeshika yeye nyumba, shamba na jina langu. Nyumba na shamba vina hati. Jina halina, ukilipoteza hakuna ofisi ya kulifuata.

Leokadia alinijia jikoni. Ni mwalimu, na mambo huyatatua kama hesabu.

"Mama, kuna njia fupi. Nenda kwa daktari, useme ugoro ulikuwa wa bibi, wewe ulikuwa unamshikia kikopo tu. Namba itafutwa. Baba mdogo atakosa la kusema."

"Bibi yako alikufa zamani. Nilikuwa namshikia nani?"

"Mama, ni uongo mdogo."

"Leokadia, mwanangu, wananiita mtu asiyejua asemalo. Nikisema uongo, nitakuwa nimewathibitishia."

Hata hivyo kwa daktari nilikwenda, tarehe 9 Februari, nikiwa na hasira iliyopigwa pasi. Daktari Anyisile alinipokea kwa furaha, akatazama kovu, akasema limepona vizuri. Nikamwambia kwamba kovu sikuja kulileta.

"Hiyo F17. Ifute."

"Siwezi, mama. Ni ya kweli."

"Mimi ni kichaa?"

"Hapana, hata kidogo. Kitabu cha namba za magonjwa kimegawanywa kwa sura. Mtu ambaye mwili wake hauwezi kuishi bila tumbaku wamemweka katika sura moja na magonjwa ya akili, kwa sababu tumbaku hukamata ubongo. Haina maana kwamba amerukwa na akili. Niliiandika ili watakaokupokea Mwanza wajue namna ya kukusaidia ukikatazwa."

Nikamkumbuka Sista Pendo na kiti alichokivuta. Hasira yangu ikapungua, lakini haikuondoka.

"Ulipoiandika, ulijua imekaa chumba gani?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia nitalala chumba kimoja na nani?"

Alitaka kucheka, kisha akaacha. "Ulistahili kuambiwa. Nisamehe, mama. Nikuandikie barua ya mahakama?"

"Barua itasomwa na mwenye simu. Njoo useme kwa mdomo wako, maana wangu bado haueleweki."

Shauri lilisikilizwa tarehe 16 Machi. Usiku wa kuamkia siku hiyo Leokadia alinisuka, na asubuhi nikavaa gauni nililopokelea cheti changu cha kidato cha nne, lililokuwa limenizidi ukubwa sasa. Sikufunika mdomo. Bazil alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. Nilijivunia hata hivyo kwamba ni wa ukoo wetu. Alieleza kuhusu mate, kuhusu maneno yangu yaliyovurugika kikaoni, kuhusu mleta chai wa Mwanza. Kisha akainua namba ile kama mtu ainuaye samaki mkubwa.

Daktari aliitwa, akaeleza yale aliyonieleza. Hakimu, mtu mzima mwenye miwani kwenye ncha ya pua, aliandika bila haraka. Akanigeukia.

"Mjibu maombi, una swali kwa shahidi?"

"Ninayo mawili, Mheshimiwa. Naomba nisiharakishwe, ulimi wangu unatembea kwa mkongojo."

"Chukua muda wako, mama."

Nilisimama. Nilikuwa na kikopo mfukoni, nimekishika.

"Daktari, mvutaji wa sigara, akija kwako ameshindwa kuacha, unamwandikia namba gani?"

"F17, mama. Hiyo hiyo."

"Na mtu aliyeacha moshi, akashika sigara ya umeme, ile yenye mvuke unaonukia embe? Akawa hawezi kukaa kwenye benchi bila kutoka nje kuivuta?"

Daktari alifikiri. Hakujua ninamsema nani. Hilo ndilo lililofanya jibu lake liwe safi.

"Ikiwa ina nikotini naye ameshindwa kuiacha, ni ugonjwa ule ule, mama. Jani au mvuke, kitabu kinawaweka sura moja."

Nadhani hakuna aliyeniona nikimtazama Bazil, kwa maana sikumtazama. Lakini mkono wake ulipanda wenyewe kwenye mfuko wa shati, ukafunika kile kitu cha rangi ya fedha, kama mtu aliyechomwa moyoni. Shangazi aliyenitikisia kichwa mwezi Novemba aliuona mkono huo. Karani wa mahakama aliuona pia, akainama kuokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka. Kicheko kilianzia benchi la nyuma.

"Kimya mahakamani," akasema hakimu. Kisha akamuuliza Bazil, kwa upole mkubwa, kama bado angependa shauri lake litegemee namba hiyo.

Bazil alisema, "Mheshimiwa, naiachia mahakama."

Nilisubiri uamuzi kwa wiki sita. Kusubiri nilikuwa nimekwisha kujifunza kwenye mabenchi ya hospitali: unakaa wima, unakunywa maji kidogo kidogo, humwoneshi mtu kwamba unaogopa. Mwezi huo nilianza kuhisi ladha tena. Ya kwanza kurudi ilikuwa chumvi, nayo ilinijia kwa mgebuka, samaki wa ziwa letu, wa kuchoma, nikalia juu ya sahani na binti yangu akadhani nimeumia.

Tarehe 27 Aprili 2023, siku iliyofuata sikukuu ya Muungano, mvua ikiwa imeacha kunyesha alfajiri, tuliitwa kusomewa uamuzi. Hakimu alisema kwamba mahakama haikuona ushahidi wowote wa ugonjwa wa akili kwa msimamizi. Kwamba kuugua mdomo si kuugua akili. Kwamba maombi yametupiliwa mbali, na msimamizi aendelee na kazi yake hadi kufunga mirathi. Nikaombwa nitie saini kwamba nimeusikia. Niliandika jina langu lote, na chini yake tarehe, kabla karani hajaniambia.

Bazil alinisubiri nje, peke yake, kwenye kivuli cha ukuta. Kola yake ilikuwa imekunjamana. Sikuwahi kuiona hivyo.

"Shemeji."

"Shemeji. Uliniita kichaa mbele ya mwanangu."

"Nilikuita."

"Jumamosi utakuja sebuleni pale pale, mbele ya wale wale, useme vinginevyo."

"Nitakuja." Alitazama chini. Akatoa ile sigara yake ya umeme, akaigeuzageuza kiganjani. "Tangu siku ile ya daktari nimejaribu kuiacha. Hata mchana haufiki, mikono inanitetemeka. Jana nimemtukana mjukuu. Nikajiuliza, kumbe na mimi nimo kwenye kile kitabu?"

"Umo. Ukurasa mmoja na mimi."

"Sasa nifanye nini?"

Ningeweza kumwacha pale. Nilikuwa na haki hiyo, imesomwa na kutiwa muhuri. Lakini nilikumbuka leso iliyopigwa pasi. Nikamnyang'anya kile kitu cha umeme, nikakitia katika mkoba wangu, na kiganjani mwake nikaweka kikopo cha bati cha mama yake. Alikitambua. Kidole chake gumba kilikwenda moja kwa moja kwenye kifuniko.

"Shika," nikamwambia, na maneno yalitoka makavu, yamenyooka. "Usifungue."